Mwache abadilishe kitenge kwanza

Kijana mmoja wa Koboko ameniandikia wiki hii, anauliza anunue lenzi gani ili picha zake za wakimbizi "ziwaguse watu". Mdogo wangu, swali lako limenichoma. Na mimi nilianza na hilohilo.

Mwaka 2017 shirika fulani lilinituma Bidi Bidi, kule Yumbe, kaskazini mwa Uganda, makazi hayo ya wakimbizi yakiwa na mwaka mmoja tu tangu yafunguliwe. Nikamkuta mama mmoja anapukuchua mahindi mbele ya kibanda chake cha turubai. Aliposikia ni picha, aliinuka akabadilishe kitenge. Nikamzuia. "Baki hivyohivyo, Mama, ndivyo wanavyotaka." Nikamketisha chini, mimi nimesimama, nikapiga. Picha ikaingia kwenye kalenda, ukurasa wa Juni, nami nikalipwa vizuri.

Niliporudi baada ya miezi, kalenda ilikuwa imetundikwa kwenye zahanati. Mama akanishika mkono hadi pale ukutani, akaweka kidole juu ya miguu yake iliyojaa vumbi. "Mwanangu, mimi kwetu Yei, Sudan Kusini, nilifundisha miaka 19. Huyu ni nani?"

Sikuwa na jibu. Hadi leo nikikumbuka kile kidole, uso unaniwaka.

Kwa hiyo tuweke lenzi pembeni. Ukifika Kampala, ingia maktaba kuu ya Chuo Kikuu cha Makerere umtazame yule mhanga wa vita aliyechongwa na Francis Nnaggenda. Ni mti, ni mtu aliyekatika viungo, na amesimama. Tena amekuzidi kimo, lazima uinue shingo. Majeraha hayakufichwa hata kidogo, ila hakuna namna ya kumtazama kutoka juu. Kisha teremka mjini kwenye Mnara wa Uhuru wa mwaka 1962. Gregory Maloba, aliyeutengeneza, angeweza kutuwekea askari au chifu. Alimweka mama, vifungo vinamfunguka mwilini, mtoto yuko juu mikononi mwake. Nilipita hapo miaka mingi bila kuinua macho!

Sisi wenye kamera tuna deni. Piga magoti wewe, yeye mpe kiti. Muulize anataka kuonekana vipi, halafu umsikilize kweli. Mwonyeshe picha yeye kabla ya mteja. Mteja akilalamika kwamba hailizi watu, mwache aende zake. Nimepoteza kazi mbili kwa sababu hiyo, na sijuti.

Yule mama nilimwomba tupige upya. Nilingoja nje karibu saa nzima. Akatoka na kitenge cha bluu, saa iliyosimama mkononi, na kipande cha chaki. Akaketi, akaitazama kamera kama anayesubiri darasa linyamaze. Tulirudia mara 11, maana kilemba hakikukaa alivyotaka. Akaniagiza nakala mbili: moja yake, nyingine ya kumpelekea dada yake Yei.