Kabla ya pedi, kaangalie mlango wa choo

Kaka mleta mada, umesema binti yako yuko kidato cha pili huko Pangani, pedi unamnunulia kila mwezi, na bado siku tatu nne hashiki njia ya shule. Unauliza kama anakudanganya, na wengi hapo juu wamekujibu kwamba ana mchumba. Mimi nimekuwa mwalimu wa malezi kwenye shule ya kata upande wa Mkinga kwa miaka 11. Nisikilize kwanza kabla hujashika fimbo.

Mwaka wangu wa pili pale kulikuwa na binti wa dawati la nyuma. Mwalimu wa hesabu kamwita ubaoni, hakunyanyuka. Kamwita tena, kimya. Ikahesabiwa kiburi, akaandikiwa adhabu. Kengele ya kutoka ikalia, darasa likabaki tupu, yeye yupo tu pale pale. Nilipoingia nilimkuta kafunga sweta kiunoni. Wewe ni mtu wa Tanga, jua letu la Januari unalijua. Nani anatembea na sweta? Lile sweta ni tangazo, na wavulana wanalisoma kuliko wanavyosoma ubao. Kesho yake hakuja, wala keshokutwa.

Nikakimbilia kuchangisha pedi, kama wanavyofanya wengi. Walimu walitoa, wazazi walitoa, mwenye duka mmoja wa Ngamiani akatupa boksi zima. Muhula ukaisha, daftari la mahudhurio likawa lile lile. Ndipo nikawagawia wasichana vikaratasi, bila jina: andika kinachokubakiza nyumbani. Nilivisoma usiku kwa tochi ya simu. Pedi zilitajwa, sikatai, ila neno lililojirudia ni mlango. Choo hakina komeo. Mmoja aliandika: "Tunaenda wawili, mmoja anashika mlango. Mwenzangu akiumwa na mimi siji."

Piga hesabu na wewe. Pedi hubadilishwa kila baada ya saa 4 hadi 6. Mtoto wa kijijini kwetu anaondoka saa kumi na mbili asubuhi, anarudi saa tisa alasiri. Katikati hapo lazima abadilishe, na pa kubadilishia ni chooni tu. Kiwango cha serikali ni tundu moja kwa wasichana 20. Sisi tulikuwa na matundu manne, wasichana zaidi ya 160, na foleni yote wakati wa mapumziko.

Mlango tuliumaliza kwa fundi wa kijijini na fedha ya wazazi wachache. Kilichonitoa jasho ni taka. Wafadhili walikuwa wametujengea kichomea taka kizuri cha matofali, hakuna aliyekisogelea. Wasichana walikuwa wakifunga pedi chafu kwenye mfuko wa daftari na kurudi nazo nyumbani, kilomita nne na joto lile. Nikadhani uvivu. Kumbe kila mmoja kaambiwa kwao: damu yako ikichomwa hutazaa, na ukiitupa ovyo mwenye nia mbaya ataiokota. Nikawapa somo zima la biolojia. Wakanakili vizuri sana, wakaendelea na mifuko yao.

Aliyelimaliza ni bibi mmoja kungwi, ndiye aliyewacheza ngoma mama zao. Nilikwenda kwake na kilo mbili za sukari. Akanisikiliza, akacheka, akasema, "Mwanangu, sisi tulikataza kuchoma sodo kwa sababu ilikuwa kanga, na kanga ni mali. Hayo makaratasi yenu nani kayakataza?" Sijui kama ndivyo ilivyokuwa tangu zamani au aliitunga pale pale kunisaidia, na sikumuuliza. Alikuja shuleni Ijumaa moja, walimu wa kiume tukawatoa, akakaa na wasichana mkekani saa nzima. Wiki ile ile kichomea taka kilianza kutoa moshi.

Mtakaoleta habari za pedi za kufua: nazipenda, zinaokoa fedha, lakini ulizeni maji kwanza. Visima vyetu vya pwani vina chumvi. Sabuni haitoi povu, kitambaa kinakauka kigumu kama ngozi ya papa na kumchubua mtoto mapaja. Tuliwaambia wasuuzie maji ya mvua, waanike juani, juu yake watandaze kanga nyepesi. Wengi walikuwa wanakausha chini ya godoro kwa aibu, na chini ya godoro hakukauki kitu.

Kuhusu bei, mmoja kasema serikali iondoe kodi. Iliondolewa. VAT ya asilimia 18 ilitolewa kwenye taulo za kike mwaka 2018, na 2019 ikarudishwa kwa maelezo kwamba bei haikushuka kwa mnunuzi. Mimi nilikuwa nanunua wakati huo, dukani sikuona tofauti.

Sasa binti yako. Usimwulize wewe kama hamjazoea. Mtume shangazi yake au dada mkubwa. Aulize mambo matatu: mlango wa choo unafungwa? Maji yapo ndani au anabeba kopo mbele ya watu? Na tumbo linamuuma kiasi gani? Hili la tumbo wazazi mnalipuuza mno, mnasema ni chango, litapita. Akiwa analala chini kwa maumivu kila mwezi, au anajaza pedi ndani ya saa moja au mbili, mpeleke hospitali. Maumivu ya kawaida yana dawa, ibuprofen huwasaidia wengi wakiinywa mapema na kitu tumboni, ila mwulize mfamasia kwanza, hasa kama ana pumu au vidonda vya tumbo. Kwenye begi awe na pedi mbili na chupi ya akiba hata siku ambazo hategemei, maana miaka ya mwanzo tarehe huyumba.

Ukikuta ni mlango, nenda kwa mkuu wa shule na komeo mkononi, usiende na lawama. Na usinunue la chuma. La kwetu la kwanza upepo wa bahari ulilila kwa kutu, likagoma mtoto akiwa ndani, tukamtoa kwa nyundo. Nunua la aluminiamu.