Chupa ya dola 40 na wazee watatu wa London

SWALI: Papa Labo, jambo sana. Papa yetu ana miaka 76, alikuwa mtu wa reli. Tangu mwaka jana anaamka saa kumi alfajiri, anavaa buti, anataka kwenda zamu. Siku moja ananiita jina langu, kesho yake ananiita kwa jina la shangazi aliyekufa. Ndugu yangu alisikia redioni kwamba huko Ulaya wazee walipona ugonjwa wa amiloidi kwa kingamwili zao wenyewe, wale askari wa damu. Sasa hapa kwetu Lubumbashi, Kongo, kuna mtu wa soko la mtaa wa Kenya anauza chupa ya kuamsha kingamwili, dola 40. Tumeshachanga 25. Tununue?
Binti wa Katuba

JIBU: Binti yangu, hizo 25 zifunge kwanza kwenye pindo la kitenge. Redio haikumdanganya ndugu yako, ila habari ilimfikia nusu.

Mwaka 2023 madaktari wa London waliandika juu ya wanaume watatu, wa miaka 68, 76 na 82. Wa katikati ni rika la Papa yako, labda ndiyo maana habari iliwagusa. Lakini wale waliugua moyo. Ini hutengeneza protini iitwayo transthyretini. Kwao ilijikunja vibaya, ikajazana kama uchafu kwenye nyama ya moyo mpaka moyo ukakakamaa. Uchafu huo ndio amiloidi. Kwa kawaida ugonjwa huo huenda mbele tu. Wao ukarudi nyuma, picha zikaonyesha moyo unasafika, na katika damu yao zikakutwa kingamwili zinazoshika uchafu ule ule. Madaktari walikuwa wamepitia mafaili ya wagonjwa 1,663. Waliorudi hivyo ni hao watatu.

Ugonjwa wa kusahau unaoitwa Alzheimer una amiloidi yake nyingine, beta-amiloidi, inayotuama katikati ya seli za ubongo. Kingamwili hushika kitu ilichotengenezewa. Ile inayodhaniwa ilisafisha moyo wa mzee wa London haina kazi kichwani mwa Papa yako.

Jina lenyewe amiloidi maana yake ni kitu kama wanga. Nilipokuwa nafundisha vijana kazi ya labo, yaani maabara, niliwapa kipande cha muhogo na tone la iodini. Muhogo unageuka bluu nyeusi, wanapiga kelele. Mwaka 1854 Mjerumani Rudolf Virchow alitia iodini kwenye nyama ya maiti, akaona rangi inayofanana na ile, akasema ni wanga. Alikosea, ni protini, lakini jina likabaki. Na rangi tunayotumia kuitambua amiloidi inaitwa nyekundu ya Kongo! Ni rangi ya kutia vitambaa. Wajerumani waliipa jina letu siku zile za mkutano wa Berlin, 1884 na 1885, wakubwa walipokuwa wanagawana Afrika na kila mtu Ulaya anaitaja Kongo. Niliona mara moja tu, mafunzoni: ukiipitishia mwanga maalumu chini ya darubini, ule wekundu unang'aa kijani. Nikakumbuka malakiti yetu, lile jiwe la kijani. Haya, nimetoka njiani.

Turudi kwenye chupa. Wazo la muuzaji si la kipumbavu, ndiyo maana linauzika. Ni kweli wazee wengi wazima wana kingamwili za asili dhidi ya beta-amiloidi. Wataalamu walikusanya kingamwili kutoka damu ya watu wengi sana, wakawatilia wagonjwa wa Alzheimer kwa dripu. Matokeo ya 2013, kwa wagonjwa 390: hawakupata nafuu kuliko waliopewa dripu isiyo na dawa. Halafu watu wa Zurich wakachukua seli za kinga za wazee ambao vichwa vyao vilibaki vizuri, wakatoa humo dawa, aducanumab. Marekani iliikubali 2021 katikati ya mabishano makubwa. 2024 kampuni yenyewe ikaiacha. Iliyofuata, lecanemab, ilipunguza kasi ya kuharibika kwa asilimia 27 katika miezi 18, kwa walio mwanzoni mwa ugonjwa. Haikurudisha jina la mtoto kinywani mwa mzazi. Inaweza kuvimbisha ubongo au kuuvujisha damu, na ilipotoka bei yake ilikuwa dola 26,500 kwa mwaka. Hiyo ilitoka ikiwa ya dripu, si ya kunywa. Kingamwili ukiinywa, tumbo linaisaga kama linavyosaga ndakala. Na kama chupa haina kingamwili bali inaziamsha, mwulize bwana yule: zipi kati ya mamilioni, naye anazijuaje?

Mimi ningelipia vipimo. Hakuna aliyethibitisha kwamba Papa ana amiloidi, mmeisikia redioni mkamvalisha. Ombeni daktari apime tezi ya shingo, vitamini B12, sukari, kaswende na VVU. Mwambieni kama mzee alianguka akagonga kichwa, hata kama ni miezi iliyopita, maana damu inaweza kuvuja polepole na kuubana ubongo. Pelekeni na vidonge vyote anavyokunywa, hasa vya usingizi.

Ninasema hivi kwa aibu. Mama mdogo wangu alizubaa miaka miwili, anasahau sufuria motoni, anavaa sweta Oktoba jua kali. Sisi tukasema uzee. Mimi, mtu wa labo, sikuwahi kumtoa hata tone la damu! Aliyemtoa ni kijana mwanagenzi. Tezi ilikuwa imelala. Baada ya miezi michache ya vidonge akaanza kuniuliza pesa yake niliyokopa zamani.

Kwa Papa yako huenda isiwe hivyo. Lakini mkishapima, niandikieni majibu.

Kuhusu buti, msimnyang'anye. Ficheni ufunguo wa mlango, basi. Akivaa, mwambie treni imechelewa, umpe chai, ukae naye. Mtu wa reli treni ikichelewa hashangai.