Re: Mtoto amealikwa bar mitzvah sinagogi, tujiandaeje?

Mkuu, kwa kuwa mwaliko wa mwanao wa bar mitzvah (sherehe ya Kiyahudi ya kijana kutimiza miaka 13) huko Marekani ni wa Jumamosi asubuhi, jueni ibada huchukua kama saa mbili na nusu hadi tatu. Mkichelewa nusu saa hakuna atakayeshangaa. Kijana wa miaka 13 husoma Torati ibada ikiwa imeshakolea. Wapeni wenyeji majina yenu mapema, maana mara nyingi mlangoni kuna mlinzi na mikoba hukaguliwa. Karibu na mlango kuna kikapu cha kofia ndogo ziitwazo kipa: wewe na mwanao vaeni. Shali zenye vishada pembeni ziacheni, hizo ni za Wayahudi wenyewe.

Kwenye zawadi ndipo wageni wengi huteleza. Desturi ni fedha kwa mafungu ya 18, mfano dola 36 au 54, kwa sababu kwa hesabu ya herufi za Kiebrania 18 ni "uhai". Ila msiende na bahasha: wanaoshika Sabato hawagusi pesa siku hiyo. Tumeni kwa posta. Simu zimeni, picha msipige. Na sambusa baki nazo nyumbani, hata kama nia ni njema. Jiko la kosher, yaani linalofuata sheria za Kiyahudi za chakula, halipokei chakula cha nje.

Kuhusu chekechea ya sinagogi uliyoulizia: nyingi za masinagogi hupokea watoto wa dini zote. Nguruwe na kamba marufuku kwenye kopo la chakula, na kwingine nyama yoyote ile. Omba kalenda kabla ya kulipa, maana Septemba na Oktoba sikukuu za Kiyahudi hufuatana, chekechea hufungwa, na utahitaji mtu wa kukaa na mtoto.