Fanicha umeshaitengeneza, sasa upake nini?

Maswali mengi safari hii ni yale yale, mtu kamaliza kutengeneza kitu chake kwa mkono, kimetoka poa, sasa kasimama na brashi hajui apake nini. Twende.

Meza ya kulia chakula, vanishi au mafuta? Nataka ing'ae.

Kung'aa weka pembeni kwanza, vanishi za kung'aa zipo na zisizong'aa zipo. Swali ni meza itateswa vipi. Kama kuna watoto na maji yanamwagika kila siku basi paka vanishi ya poliyurethani (kwa kifupi poli), inakaa juu ya mbao kama ngozi na maji hayapiti kirahisi (sufuria ya moto bado uiwekee kitu chini eh). Ubaya wake ikikwaruzika sana kiraka kinaonekana, mara nyingi unaishia kupiga msasa uso mzima. Mafuta ya kitani yanazama ndani, mkwaruzo unausugua unapaka tena pale pale imeisha, ila maji yanayazidi nguvu. Mimi meza ya familia ni poli tu, koti tatu nyembamba, kila koti ikikauka unapitisha msasa laini. Na uvunguni paka pia jamani, mbao iliyozibwa juu tu inavuta unyevu upande mmoja halafu inapinda.

Mbao yangu nyeupe, sitaki iwe njano.

Chukua poli ya maji, yaani ile inayoyeyushwa kwa maji, ya mafuta inazidi kuwa njano kadiri inavyozeeka. Ila ya maji inasimamisha nyuzi za mbao, kwa hiyo lowesha kidogo kwanza, iache ikauke, piga msasa namba 220 ndo upake.

Benchi la nje, vanishi inabanduka kila mwaka. Nimepigwa dukani?

Hapana, ni jua. Miale inapenya vanishi isiyo na rangi na kuharibu mbao yenyewe chini yake, vanishi inakosa pa kushika, inapasuka, maji yanaingia na hayatoki vizuri. Kuna vanishi za boti zenye kinga ya jua, lakini hata hizo unatakiwa urudie kabla hazijapasuka, na nani anakumbuka? Rangi ya kawaida inazishinda zote kwa nje, najua wapenda mbao mtaninunia. Kama ni mtiki unaweza kuuacha bila kitu, utageuka kijivu tu. Miguu kule chini ilikokatwa ndo inakunywa maji kuliko popote, huko shibisha.

Matambara niliyopakia mafuta ya kitani nayatupa tu?

USIYAKUNJE ukayarundika!! Mafuta ya kitani yanakauka kwa kuvuta oksijeni na hapo yanatoa joto, kwenye rundo joto halina pa kwenda, linapanda mpaka tambara linawaka lenyewe bila kiberiti. Karakana zimeungua hivi. Yatandaze nje moja moja mpaka yakakamae, au yaloweke kwenye kopo la chuma lenye maji na mfuniko.

Ubao wa kukatia mboga nipake mafuta ya kupikia?

Mengi yanachacha, yananuka na kunata. Tafuta mafuta ya madini yale ya daraja la chakula, changanya na nta ya nyuki ukipenda.

Vanishi inatoka na vipovu.

Acha kutikisa kopo, koroga taratibu na kijiti. Na usirudierudie brashi pale inapoanza kukauka.