Mbuyu Una Wenyewe

Ninyi mnaoanza kuchora mandhari, karibu kila mmoja wenu ninayekaa naye pale Mama Ngina, Mombasa, chini ya mibuyu inayotazama mlango wa Likoni, hunichorea kitu kimoja: mti katikati ya karatasi, anga tupu, jua linazama. Nikimuuliza, huniambia ni upweke.

Nami nilianzia hapo. Nilikuwa nimezitazama mno picha za Caspar David Friedrich, Mjerumani aliyechora mnamo 1822 mwaloni mkongwe uliokauka kileleni, uko peke yake uwandani. Nikauchukua upweke ule mzima mzima, nikaubandika kwenye mbuyu. Bibi yangu akaitazama picha, akaniuliza, "Na wenyewe umewaweka wapi?"

Kwa bibi, mbuyu una wenyewe. Watu huufunga vitambaa, huufukizia ubani, huunyunyizia marashi. Mti niliouona mpweke, yeye aliuona umejaa kuliko nyumba yetu. Nikarudi kuuchora, safari hii nikausogeza kando, nikakoleza kivuli shinani kwa penseli laini ya 6B, na ndani ya kivuli nikaacha kipande cha kitambaa ambacho lazima ukitafute. Bibi hakusema kitu, ila aliiangalia kwa muda mrefu.

Mnazi ndio unaowaponza zaidi, maana kadi za watalii zimeuchosha. Huku kwetu mnazi ni mali; watu hurithishana minazi, na mmoja aweza kumiliki mti na mwingine ardhi. Basi litazameni shina: lina makovu ya makuti yaliyoanguka, na vidato anavyochonga mgema apate kupanda. (Naam, neno ni lile lile la kidato cha shule.) Weka vidato vitatu tu, na mnazi tayari una mtu, hata kama haonekani. Usipoviweka umechora hoteli.

Mikoko ya Tudor, hori la hapa Mombasa, ichoreni maji yakiwa yametoka. Maji yakijaa, mizizi huzama, na mizizi ndiyo habari yote ya mkoko.

Halafu kuna msimu. Mwanafunzi mmoja alichora mbuyu uliopukutika wakati wa kiangazi, akaandika chini yake "Kifo". Nikamwambia arudi baada ya mvua. Alirudi, akaukuta umefunga majani tele, akaniudhikia mimi.