Stoo ya kupunguza wanga: kitoweo kilale ndani, unga upungue

Dada, umesema daktari amekushauri upunguze wanga, ila ukirudi kazini saa mbili usiku stoo ina unga, mchele na tambi tu, unaishia kusonga ugali. Umeuliza wenzako tunaweka nini ndani, na kama maharage yanafaa. Mimi nipo Dar, na nyumbani ni mimi peke yangu ninayekula hivi, wengine wanaendelea na wali wao. Kwa hiyo nasema yanayowezekana kwenye nyumba ya kawaida.

Kabla ya yote: kama unatumia insulini au vidonge vya kisukari kama glibenclamide, mwambie daktari kabla hujaukata wanga. Dozi ileile kwa wanga kidogo inaweza kukushusha sukari vibaya.

Sasa stoo. Wengi wetu tumezoea kuweka nafaka ndani, kitoweo tunakifuata gengeni siku hiyohiyo. Ukipunguza wanga inabidi ugeuze: kitoweo ndicho kilale ndani, tena kiwe cha kuiva upesi kuliko ugali, maana ukichoka unapika kilicho karibu. Na usidanganywe na dona, ulezi au mtama. Dona ina nyuzinyuzi kuliko sembe, sawa, lakini unga wa aina zote hizo, karibu robo tatu yake ni wanga. Wa muhogo ndiyo usiseme.

Tegemeo langu ni dagaa. Wa Mwanza ni wa bei nafuu ila mara nyingi huja na mchanga. Wa Kigoma ni wasafi na watamu, na bei yao utaisikia. Nikinunua sado, kazi yote naimaliza Jumapili. Nawakata vichwa, nawatoa ule utumbo mweusi unaoleta uchungu, nawaosha kwa maji ya uvuguvugu mara kadhaa mpaka nikipapasa chini ya beseni nisikute mchanga. Nawaanika kwenye ungo, wakishakauka nawakaanga bila mafuta kwa moto mdogo hadi ukimbana mmoja kwa vidole anakatika kwa mlio. Hapo nawaacha wapoe kabisa ndipo naingiza kwenye ndoo ya mfuniko. Ukifunika wakiwa na joto, mvuke unabaki ndani na ukungu hauchelewi. Siku ya kuchoka ni kitunguu, nyanya, hoho, konzi mbili za dagaa, ndimu juu, unakula.

Trei ya mayai haikosekani, hilo halina maelezo. Nazi kavu nazo naziweka kadhaa. Zinakaa wiki nyingi na vifuu vyao, umeme ukatike usikatike. Ng'onda (samaki mkavu wa chumvi) au papa mkavu kwa tui zito ni chakula cha heshima kabisa, ila mloweke kwanza umwage maji ili chumvi ipungue, hasa kama una presha. Mlenda wa unga, ule unaotoka Dodoma na Singida, ukiuchemsha na nyanya na karanga za kusaga unaiva kabla mtu hajamaliza kuoga.

Karanga nanunua nzima, nachambua mwenyewe, halafu ndiyo nasaga. Iliyosinyaa, yenye ukungu au chungu naitupa bila huruma. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi, na karanga nazo zinashikwa nayo kirahisi. Kuzikaanga hakuiondoi yote. Za kusaga za dukani soma lebo, nyingine zimetiwa sukari. Korosho watu wanazila kama hazina wanga, kumbe gramu 100 zina karibu gramu 30. Onja, usishibie.

Kwenye friza kuna nyama ya kusaga iliyofungwa mafungu ya mlo mmoja mmoja, na rosti ya nyanya na vitunguu ninayopika nyanya zikishuka bei. Mboga za majani hazilali, hizo ni za gengeni. Ila kabichi, bamia na nyanya chungu zinavumilia siku kadhaa. Kabichi ikikatwa nyembamba sana, ikapitishwa kwenye mafuta na kitunguu saumu bila kulegea, ndiyo ninayomwagia mchuzi wakati wengine wanamwagia wali.

Gharama zitapanda, sitakuficha. Ugali ulikuwa unashibisha kwa kitoweo kidogo. Sasa kitoweo chenyewe ndicho chakula, kwa hiyo sahani yako itabeba mara mbili ya mboga uliyozoea. Unga wa lozi wa supamaketi achana nao, hela hiyo inatosha dagaa wa kutosha.

Maharage: yakiiva, gramu 100 zina wanga wa gramu 20 na ushee, nyuzinyuzi zikiwemo. Mimi nayala, ila siku hiyo yanachukua nafasi ya wali, hayaji pamoja nao. Upawa mmoja, pembeni mchicha mwingi na parachichi. Choroko na kunde hesabu ni hiyohiyo. Kama una mashine ya kupimia sukari, pima masaa mawili baada ya kula, uone mwili wako unayapokeaje.