Mtetemo wa skii na kauri inayougeuza kuwa joto

Wasomaji kadhaa wa Goma wametuuliza kuhusu skii, yaani vibao virefu vinavyofungwa miguuni kwa kutelezea thelujini, na kuhusu nyenzo erevu, yaani zinazoitikia zenyewe mpindo, umeme au sumaku, zinazotuliza mtetemo wake.

Mwanafunzi wa Himbi anauliza: Theluji ni laini, ubao unatetemekaje?

Mteremko uliokwisha kupitiwa na watu wengi huwa na barafu na matuta madogo ambayo mtelezaji hugongana nayo mfululizo. Kwa kuwa skii imeshikwa na kiatu sehemu ya katikati tu, ncha zake hupindapinda juu na chini. Ukingo wa chuma ndio unaokata theluji wakati wa kugeuka, na kila unaponyanyuka, hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, mshiko hupotea. Ubao mmoja mpana, unaosimamiwa kwa miguu yote miwili, una shida hiyohiyo.

Mwalimu wa fizikia wa Katindo: Kauri inawezaje kutuliza mtetemo?

Mwalimu, msingi wake ni ugunduzi wa Jacques na Pierre Curie, ambao mwaka 1880 huko Ufaransa walionyesha kwamba fuwele fulani zikibanwa hutoa umeme. Sifa hiyo huitwa pizoelektriki. Siku hizi hutumika sana kauri yenye madini ya risasi, zirkoni na titani, nayo huwekwa karibu na kiatu, upande wa mbele, mahali ambapo ubao hupinda kwa nguvu. Kila mpindo huivuta au kuibana kauri, umeme huzaliwa, na saketi ndogo huupitisha kwenye kikinza ambacho huugeuza kuwa joto lisilohisika. Nishati iliyokwisha kutoka kwa njia hiyo haiwezi tena kuutikisa ubao. Ikiongezwa koili inayolingana na masafa ya ubao, yaani idadi ya mitetemo yake kwa sekunde, utulizaji huongezeka sana, lakini kwa masafa hayo tu, kwa hiyo mhandisi hana budi kuamua kwanza ni mtetemo upi unaomwathiri mtelezaji zaidi. Kwangu mimi, uamuzi huo ndio kazi yenyewe. Katikati ya miaka ya 1990, kampuni ya K2 ya Marekani iliuza skii za namna hii.

Je, zinahitaji betri?

Hapana, umeme wote hutokana na mpindo wenyewe.

Mama muuzaji wa mipira, Birere: Mpira hautoshi?

Mama, mpira hutumika pia, na ni wa bei nafuu. Kasoro yake ni kwamba kwenye baridi kali hukakamaa na kupoteza sehemu ya uwezo wake wa kumeza mtetemo, ilhali kauri hubadilika kidogo tu.

Fundi wa pikipiki, Ndosho: Kauri hiyo ingetufaa kwenye barabara zetu za mawe ya volkano?

Fundi, sikushauri uitafute. Kauri hufaa kwa mipindo midogo na ya haraka, lakini pigo la jiwe la volkano yetu ya Nyiragongo husogeza gurudumu kwa sentimita kadhaa, na hiyo ni kazi ya springi na shokabsoba. Nyenzo erevu iliyo karibu zaidi na haja yako ni mafuta yenye chembe za chuma, ambayo hukazwa na sumaku ndani ya shokabsoba, na ambayo yamekuwa yakitumika kwenye magari tangu 2002, ingawa bei yake bado ni kubwa. Na kwa chukudu, yaani kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, ule mpira wa tairi kuukuu unaopigiliwa kwenye magurudumu ya mbao unafaa kabisa, kwani Goma haina baridi ya kuukakamaza.